Shika Mto Kwanza, Ndipo Ucheke

Kabla hujafunua kidonda cha mama aliyezaa kwa upasuaji, tafuta mto. Usiulize habari ya choo, usiulize homa, usitoe pamba wala glavu. Mpe mto aukumbatie tumboni, ndipo muanze kuzungumza. Atakohoa, atapiga chafya, au kama wewe ni mtu wa mdomo kama mimi, atacheka, na bila mto kicheko kitamkata kama kisu cha pili. Kule kijijini Gotu niliwahi kumchekesha mama mmoja mpaka akanishika kola ya sare akaniambia, "Sista, nyamaza ama utoke." Nikatoka. Mawaidha yaliyobaki nilimpa nikiwa nje, dirishani.

Mimi ni Kananu, muuguzi mstaafu, mtu wa Meru niliyekuja Isiolo kwa kazi nikasahau kurudi. Naishi mtaa wa Wabera. Wengi hapa mtaani hawajui jina langu, wananiita Sista tu, hata wazee wanaonizidi miaka. Nyinyi vijana mnaoingia katika kazi ya kuwatembelea wazazi nyumbani mmeniomba niwaambie nilichojifunza. Nitawaambia, lakini msinitake nianzie mwanzo nifuate mstari. Kazi yenyewe haikuwa na mstari. Leo uko kwa mwalimu mwenye sofa, kesho uko kwa mchungaji aliyelaza mtoto juu ya ngozi ya mbuzi, na kidonda ni kile kile.

Jambo la kwanza mjue hili: daktari hupasua na kushona, halafu nyumba ndiyo inayoponya au inayoharibu. Zamani mama alikaa hospitali hadi nyuzi zikatolewa. Siku hizi nyuzi nyingi zinayeyuka zenyewe, vitanda havitoshi, na mama anarudi nyumbani akiwa bado anatembea ameinama. Huko nyumbani kuna mtungi wa maji, kuna wageni, kuna mama mkwe, na kila mmoja ana maoni juu ya tumbo lake.

Kwa hiyo mfundishe vitu vidogo. Mfundishe kuamka. Asijiinue kwa tumbo. Ageuke ubavu, ateremshe miguu, ajisukume kwa mkono. Mfundishe kunyonyesha akiwa amembana mtoto kwapani, miguu ya mtoto ikielekea nyuma, vile mtu anavyobeba kuku wa kuuza sokoni. Wanacheka wakisikia hivyo, ndiyo sababu nilisema mto kwanza. Atembee kidogo kidogo, maana damu ikilala mguuni inaganda, lakini asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Anywe maji, ale na mboga. Nyama na maziwa peke yake vitamfunga choo, na kusukuma choo kigumu juu ya kidonda kibichi ni adhabu ambayo simtakii adui yangu.

Sasa niwaambie habari ya Darmi, maana kila nilichowahi kufundisha kuhusu kazi hii kinapita kwake.

Darmi alikuwa msichana wa Kiborana, mke wa Guyo, kijana anayeuza mbuzi katika soko la mifugo. Nyumba yao ilikuwa hapa Wabera, nyuma ya msikiti, na walikaa na mama yake Guyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Akko Tume. Akko kwa Kiborana ni bibi. Mtoto wa kwanza wa Darmi alikuwa amelala vibaya tumboni. Darmi alishikwa na uchungu kutwa kucha, mtoto asiteremke, mwishowe akapelekwa chumba cha upasuaji. Akatolewa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya dalali wa mnada.

Siku niliyofika mara ya kwanza nilisimama mlangoni nikasema, "Salaam aleikum." Mimi ni Mkristo na ninaimba kwaya, lakini mlango wa mtu husalimiwa kwa salamu ya mwenyewe. Nikakaribishwa. Wanawake watatu wa jirani walikuwa wameketi mkekani. Akko Tume alikuwa pembeni, ameweka kibuyu cha maziwa katikati ya magoti, anashona ufa wake kwa uzi wa mshipa. Darmi alikuwa kitandani, uso ukielekea ukutani.

"Pole, Darmi," alisema mmoja akiaga.

"Pole sana," akasema mwingine. "Mungu atakusaidia utapona."

Nikangoja. Hakuna aliyesema hongera. Nyumba yenye mtoto mchanga, na wageni wanatoa pole kama waliokuja kwa mtu aliyeanguka pikipiki. Walipoondoka nikamuuliza Akko Tume kama vigelegele vilipigwa mtoto alipoletwa.

"Vigelegele ya nini, Sista?" alisema bila kuinua macho kutoka kwa kibuyu. "Huyu hajazaa. Huyu amepasuliwa. Mtoto daktari ametoa. Tunashukuru Mungu, mtoto ni mzima. Lakini kuzaa ni kuzaa. Si nyinyi Waswahili mnasema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi?"

"Mimi si Mswahili, Akko. Na Darmi uchungu aliuona kutwa kucha."

"Aliona. Hakumaliza."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema vile mtu anavyosema mvua haikunyesha. Mimi nilikasirika, sitawaficha, lakini nilikuwa nimekuja kwa ajili ya kidonda, nikamwendea Darmi. Nikampa mto. Nikafunua. Tumbo lilikuwa la buluu.

Buluu kabisa, kuanzia kitovuni kwenda chini, kama mlango wa duka uliopakwa rangi juzi. Nikaita, "Guyo!" Guyo akaja akasimama nje ya pazia.

"Guyo, hii ni nini?"

"Ni ile ya mbuzi, Sista. Ya kupuliza. Mbuzi akiumwa na fisi mimi napuliza hiyo, anapona mbio."

"Darmi ana manyoya?"

Akafikiri. "Hana."

"Ana kwato?"

"Hana, Sista."

Darmi akaanza kutetemeka kwa kicheko. Akaubana mto kwa mikono miwili, akauma shuka. "Sista, wachana na yeye," alisema. "Utaniua."

Huyo ndiye Guyo. Alimpenda mkewe, akampa dawa nzuri kuliko zote alizozijua. Kwa hiyo sikumkemea zaidi. Nilimweleza hivi, nanyi mweleze kila mfugaji hivi hivi: dawa ya mnyama imetengenezwa kwa ngozi ya mnyama, na tena ile rangi inaficha. Kidonda husema kwa rangi. Wekundu ukisambaa, ni onyo. Ukishapaka buluu, umekiziba mdomo. Nilichemsha maji, nikangoja yapoe, nikaosha taratibu, na chini ya ile buluu, pembe ya kushoto, nikakuta pale palipokuwa pananisubiri. Palikuwa pabichi. Hapakuwa pamefunguka, hapakutoa usaha, lakini palikuwa pabichi na pekundu, na nyuzi za hapo zilikuwa zimevutika.

Pembe moja tu, mtasema. Pembe moja ikiachia, inayofuata inabeba mzigo wa pembe mbili, na mama anaweza kurudi chumba cha upasuaji kushonwa upya. Wengine hawarudi kwa wakati. Nilimpeleka Darmi hospitali siku hiyo hiyo, Guyo akaita gari badala ya boda kwa sababu nilimtolea macho, wakapata dawa na tarehe za kurudi kusafishwa. Nikawaambia: kikavu, safi, dera pana, hakuna kamba ya kufunga tumbo, na hakuna qayya.

Wale wageni wa hapa niwaeleze. Qayya ni moshi wa wanawake wa Kiborana. Linachimbwa shimo dogo, unawekwa mti wa harufu nzuri juu ya makaa, na mwanamke anaketi juu yake akiwa amejifunika nguo, moshi umpande mwilini. Mzazi anafanyiwa hivyo katika arobaini yake. Inamtia joto, inamnukisha vizuri, ngozi inang'aa. Sina neno nayo. Lakini mwanamke mwenye kidonda kibichi chini ya tumbo, achuchumae juu ya makaa, atoke jasho, akohoe moshi? Nilisema hapana, na nilisema kwa sauti kubwa.

Akko Tume akajibu, "Sawa, Sista."

Na hapa nawaachia somo lingine. Ukiwa Isiolo, jifunze aina za "sawa". Kuna sawa ya kukubali. Kuna sawa ya kukuheshimu kwa sababu wewe ni mgeni, umekunywa chai yangu, na sitaki kubishana nawe ndani ya nyumba yangu. Hii ya pili inatamkwa polepole zaidi, na macho yanaangalia chini. Akko Tume alinipa ile ya pili.

Nilipokwenda tena nikamkuta Darmi peke yake na mtoto. Pembe ilikuwa inaanza kukauka. Nikafurahi, nikamwambia ameng'ang'ana vizuri, bado kidogo.

"Sista," akasema, "mimi nataka kukaa qayya."

"Nani amekulazimisha?"

"Hakuna. Akko alisema tungoje kwanza. Ni mimi nimemwambia asingoje." Alikuwa anamtazama mtoto, hanitazami. "Wewe unaona kidonda. Mimi nasikia maneno. Dada ya Guyo alikuja hapa akasema niamke nipike, ati mimi sikuzaa, sina arobaini, mimi nilifanyiwa operesheni na operesheni inapona. Akko hakumjibu. Wanawake wakiingia hapa wakikuta ninanuka moshi, watajua huyu ni mzazi. Nisiponuka, mimi ni mgonjwa tu ametoka hospitali na mtoto."

Miaka yote hiyo nilidhani napigana na bibi wa nyumba. Kumbe aliyetaka moshi zaidi ya wote alikuwa mwenye kidonda. Nilimshika mkono, nikamwomba angoje. Akasema, "Sawa, Sista." Nikaenda zangu, na nilikuwa nimefika kwa fundi wa viatu ndipo nikajiuliza ilikuwa sawa ipi.

Kesho yake asubuhi nikapanda boda ili nifike upesi. Nilisikia harufu ya ule mti kabla hatujafika langoni. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta Darmi amesimama juu ya shimo, ameinama nusu, dera limetandazwa pande zote, moshi unamtoka shingoni. Alikuwa amekohoa. Mikono miwili ilikuwa tumboni, mto haupo, macho yamejaa machozi, na hawezi kwenda chini wala juu. Akko Tume alikuwa amemshika bega na amechanganyikiwa.

"Usimvute," nikasema. "Mshike kwapa hili, mimi nashika huku. Darmi, usijikaze tumbo. Tuegemee sisi."

Tukamtoa hatua kwa hatua, tukamlaza ubavu. Nikampa mto. Nikafunua. Ile pembe ilikuwa imeamka tena, nyekundu, inatoa maji. Lakini nyuzi zilishika. Nikamshukuru Mungu kwa Kimeru, kwa Kiswahili, na kwa Kiborana changu kibovu.

Nilikuwa na hotuba tayari. Nilipoinua macho nimpe Akko Tume, nikamwona ameketi mlangoni amechukua kile kibuyu chake, anapapasa ule ufa alioushona, vile mtu mwenye hofu anavyotafuta kazi ya mikono. Hotuba ikaniishia. Nikaketi karibu naye.

"Akko, hicho kibuyu umemaliza kushona?"

"Nimemaliza juzi."

"Basi tukifukize leo kwa moshi, vile mnavyofanya kabla ya kutia maziwa. Moto si uko hapo tayari?"

Akanitazama kwa huruma. "Wewe mtu wa Meru, hujui kibuyu. Ikishonwa haioni moto. Uzi bado bichi. Ikipata joto inavuta, ufa inafunguka, kazi yote imeharibika. Inawekwa kivulini. Inangojwa. Uzi ikikauka, ndio unaleta moshi."

"Na ukishaleta moshi, ukatia maziwa, hicho ni kibuyu, ama si kibuyu kwa sababu kilishonwa?"

"Ni kibuyu. Hii ni ya mama yangu. Imeshonwa mara nyingi, na maziwa yake hakuna kama hiyo."

Akko Tume hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Alitazama kibuyu, akatazama ndani alikolala Darmi amekumbatia mto, akatazama lile shimo. Mtoto alilia, akanyamaza. Kisha akaweka kibuyu chini, akaenda akamwaga maji ndani ya shimo mpaka makaa yakazima.

"Umenikamata, mtu wa Meru," akasema.

Nikamwambia sikuja kuchukua moshi wake. Darmi anauhitaji kuliko anavyohitaji dawa zangu, lakini si mwilini, si sasa. Aliyepata njia ni yeye. Alitoa shuka za Darmi, madera, mtandio wa kichwa, hata kile kitambaa cha kumfungia mtoto, akasema atavitundika juu ya moshi nje, aviache vipunge upepo visije vikawakohoza, ndipo avilete ndani. Harufu itafika, moto hautafika. Hilo halikuwa katika mafunzo yangu, na nadhani haliko katika yenu. Lichukueni.

Kwanza tulirudi hospitali, wakasafisha, wakabadilisha dawa, wakatugombeza sote watatu, nasi tukastahili. Baada ya hapo nyumba ile ikabadilika. Dada ya Guyo alipokuja tena akamwambia Darmi alete mtungi kutoka bombani, Akko Tume akamkata, "Uzi bado bichi. Lete wewe." Guyo alipotaka wote waende harusi ya binamu yake, "Uzi bado bichi." Mtaani wakaanza kuitumia. Nilimsikia hata muuza maji akimwambia mteja aliyekuwa na haraka, uzi bado bichi. Na mgeni akiingia akasema pole, Akko alimrudisha mlangoni kwa maneno.

"Pole ya nini? Kuna mtu amekufa hapa? Sema hongera."

Mgeni anasema hongera. Anasikia harufu ya moshi katika mtandio wa Darmi, anaketi, anaulizia jina la mtoto. Mimi nilikuwa naangalia pembe ya kidonda ikikauka, na nilikuwa naangalia pia uso wa Darmi, ambao haukuelekea ukutani tena. Msije mkaniambia hivyo viwili havihusiani. Mama anayeaibishwa hajitunzi. Anabeba mtungi ili athibitishe, anaficha homa asiitwe mgonjwa. Kwa hiyo mkiingia nyumba, kabla ya kidonda, sikilizeni wageni wanasema nini. Wakisema pole, mna kazi mbili.

Nisisahau haya, maana nyinyi mna simu. Mama akiwa na homa, kidonda kikinuka, kikitoa usaha au kikifunguka, damu ikizidi, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akiishiwa pumzi, ni hospitali, msibaki kutumiana picha. Picha nayo ina mambo yake. Guyo alitaka kunitumia picha ya kidonda, akaituma kwenye kundi la wauza mbuzi. Wa kwanza kujibu alimshauri apulize ile ya buluu.

Arobaini ilipofika nilialikwa. Guyo alichinja, akachagua mbuzi mkubwa kuliko uwezo wake. Nilimchungulia Darmi chumbani kabla ya wageni: mstari mwembamba, mkavu, pembe imefunga. Nikamuuliza Akko Tume kama sasa atamkalisha qayya. Akasema hapana, kwanza kidonda kikaangaliwe tena hospitali, kibuyu kikubwa kinangoja zaidi. Nilitaka kumkumbatia nikajizuia.

Wanawake walijaa mkekani, dada ya Guyo akiwa miongoni. Akko Tume akatoka na mtoto mikononi, akasimama katikati. Aliongea Kiborana, kisha kwa ajili yangu akarudia kwa Kiswahili.

"Huyu Darmi ni mzazi. Uchungu aliona mpaka mwisho, na kisu akaona juu yake. Nyinyi mlisema pole. Mimi pia nilisema. Leo nataka vigelegele ya mtoto."

Akaanza yeye mwenyewe. Kigelegele chake kilikuwa kimekauka kwa uzee, lakini wenzake wakakidaka, wakakipandisha hadi msikitini, mtoto akashtuka akajibu kwa sauti yake ya mnadani, na nyumba nzima ikacheka. Darmi naye kicheko kikampanda. Nikauona mkono wake ukipapasa nyuma yake, ukitafuta mto. Haukuwepo. Akko Tume alikuwa ameshaketi, na alikuwa ameukalia.

"Akko, mto," alisema Darmi, amebana midomo.

Akko Tume hakusogea.

"Cheka tu, mama," akamwambia. "Uzi imekauka."